Maji ya Kiyoyozi na Haki ya Jirani

Kule Myamba, katika milima ya Upare wilayani Same, baridi ya mlimani yatosha na kiyoyozi hakina kazi. Lakini watoto wa Myamba wengi leo wanaishi Same mjini, Tanga na Dar es Salaam, na huko joto limewalazimisha kukitafuta. Basi maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine hizi yamezua masuala mawili: je, ni tohara? Na je, mwenye nyumba ana haki ya kuyaacha yaangukie njiani au ukutani kwa jirani?

Tuanze na lililo jepesi. Maji haya hayatokani na gesi ya mashine. Ni unyevu wa hewa ya chumbani ambao ukigusa mabomba ya baridi hugeuka matone, kama umande juu ya majani. Wanachuoni wa Kishafi wameuhesabu umande kuwa ni maji mutlaq, na vivyo hivyo mvuke wa maji tohara yaliyochemshwa unaporudi kuwa maji. Kwa hiyo maji ya kiyoyozi yafaa kwa udhu, maadamu hayajachanganyika na kitu kikayabadilisha au kuyanajisi. Kuyanywa ni jambo jingine, kwani yamepita juu ya vumbi na ukungu, na si kila kilicho tohara ni salama kwa tumbo.

Zito ni la pili. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi, kiyoyozi cha chumba kimoja chaweza kutoa lita 10 na zaidi kwa siku, na yote hayo huenda yakaishia mahali pamoja.

Wanachuoni wetu walilijadili jambo hili zamani kwa jina la mizabu, yaani mlizamu wa paa. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa, ingawa isnadi yake imesemwa, kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwagikiwa na maji ya mlizamu wa nyumba ya Abbas (r.a.), akaamuru ung'olewe. Abbas alipomweleza kwamba Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeuweka pale, Umar alimtaka apande juu ya mgongo wake aurudishe. Kwa hiyo kutoa mlizamu kuelekea njia ya watu kuna asili. Lakini Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H.), katika Minhaj ambayo imesomeshwa sana katika darsa za pwani yetu, ameruhusu jambo hilo kisha akaongeza kwamba kinachoharibika kwa mlizamu huo hulipwa. Hapa wengi huteleza: hudhani kwamba kikiruhusiwa kitu, dhamana imeondoka.

Hayo ni ya njia ya wote. Ama mali ya jirani, hapo hapana ruhusa bila ya ridhaa yake. Tena vitabu vya Kishafi vimetofautisha: mtu aweza kupatana na jirani kwa malipo ili maji ya mvua yapite juu ya paa lake, lakini si maji ya kufulia, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani na haja yake si kubwa. Sisi tunaona maji ya kiyoyozi yamekaribia zaidi haya ya pili. Mvua haizuiliki, bali kiyoyozi huwashwa kwa kidole.

Mtu wa Myamba hahitaji maelezo marefu. Upareni maji ya kijito hukusanywa usiku katika ndiva, kisha hufunguliwa mchana kwa zamu, na wa juu anajua kwamba chini yake yuko mwenzake.

Kanuni za mabomba zinazofuatwa Marekani zimefika hapo hapo. Zinakataza maji haya kumwagwa barabarani kwa namna ya kuudhi watu. Bomba lisipungue kipenyo cha inchi robo tatu (takriban milimita 20), na mteremko wake usipungue asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita. Likipelekwa kwenye maji machafu, lisiunganishwe moja kwa moja, bali ibaki nafasi ya hewa ili uchafu usirudi nyuma. Sharti hili lina faida ya kifiqhi pia, kwani najisi ikirudi, hukumu ya tohara tuliyoitaja haipo tena.

Kwa nyumba zetu, bomba la plastiki hadi kwenye bustani au ndoo ya kufanyia usafi latosha. Na kama ukuta wa jirani umekwisha kuharibika, kulihamisha bomba peke yake hakutoshi. Plasta na rangi ni juu ya mwenye kiyoyozi, isipokuwa jirani amsamehe.