Kipimo cha oili: Skrini ya gari husema nini hasa?

KATIKA karakana zilizo kando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Kimbo na Juja, fundi akifungua boneti hatua yake ya kwanza huwa ni kuchomoa kijiti cha oili, kukipangusa kwa kitambaa, kukirudisha kisha kukichomoa tena. Siku hizi mkono huo wakati mwingine hurudi mtupu. Magari kadhaa ya BMW, Audi na Mercedes-Benz yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa hayana kijiti. Oili hupimwa na kifaa cha umeme ambacho mafundi hukiita sensa, na majibu husomwa kwenye dashibodi.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, magari ya aina hiyo yanazidi kuongezeka mikononi mwa wanunuzi wa kawaida. Tatizo ni kwamba wengi huyanunua bila kitabu cha maelezo. Yaliyotoka Japani aghalabu huandika maonyo yake kwa Kijapani, na dereva hubaki akikisia kwa kutazama rangi ya taa.

Kukisia huko ndiko huharibu injini, kwa sababu dashibodi yaweza kutoa habari tatu tofauti kuhusu oili, na kila moja ina maana yake.

Ya kwanza ni kiwango, yaani oili iliyomo ni kiasi gani. Onyo lake kwa kawaida huwa la manjano. Dereva ana nafasi ya kufika kituo cha petroli na kuongeza, mradi asikawie.

Ya pili ni presha: je, oili inasukumwa na kufika kwenye vyuma vinavyosuguana? Hii ni taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Huwaka ufunguo unapozungushwa na kuzimika injini inapoanza kunguruma. Ikiwaka gari likiwa safarini, injini yafaa kuzimwa papo hapo mara gari linapoegeshwa mahali salama, wala si baada ya kufika nyumbani. Probox na magari mengine mengi ya kawaida yana taa hii pekee, bila sensa ya kiwango, na wapo madereva wanaodhani kwamba inawakumbusha kuongeza oili. Ukweli ni kwamba ikiwaka kwa sababu ya upungufu, oili imekwisha kushuka mbali chini ya alama ya mwisho. Yaweza pia kuwaka oili ikiwa tele, iwapo pampu imeharibika.

Ya tatu ni umri wa oili. Baadhi ya magari ya Honda huonyesha asilimia. Asilimia 40 haimaanishi kwamba oili imebaki chini ya nusu. Ni hesabu ya kompyuta kuhusu muda uliosalia kabla ya kuibadilisha, kulingana na jinsi injini ilivyotumika. Gari laweza kuonyesha asilimia 80 huku oili ikivuja na kukaribia kwisha.

Tukirejea kwenye kiwango, sensa hukaa chini kabisa ya injini, katika bakuli la oili liitwalo sampu. Baadhi hupasha joto kipande kidogo cha chuma, kisha hupima muda kinaochukua kupoa. Kikiwa kimezama katika oili nyingi hupoa upesi. Oili ikipungua hukawia. Nyingine hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, ambayo hugonga uso wa oili na kurejea.

Kwa njia zote mbili, gari likiegeshwa kwenye mteremko oili hukusanyika upande mmoja na kipimo hupotoka. Joto nalo lina sehemu yake. Aliyezoea kijiti hupima asubuhi injini ikiwa baridi, lakini magari mengi yasiyo na kijiti hutaka kinyume. Vitabu vya baadhi ya BMW za miaka ya 2000 huelekeza kwamba kipimo sahihi hupatikana baada ya safari ya takriban kilomita 10 mfululizo. Gari likiwa limesimama pahali tambarare na injini ikinguruma, kipimo huweza kuchukua dakika tatu hivi. Safari ya kutoka Kimbo hadi mjini Ruiru haitoshi. Ya kwenda Thika inatosha.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Mwenye gari huongeza lita moja, hutazama skrini mara moja na kuona haijabadilika, kumbe bado inaonyesha kipimo cha awali. Huongeza lita nyingine. Katika magari mengi tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja tu, kwa hiyo injini huwa imejazwa kupita kiasi. Krankshafti inayozunguka hupiga oili hiyo hadi ikatoa povu, pampu ikavuta hewa, na presha ikashuka. Taa nyekundu huwaka kwa sababu ya oili kuzidi. Ni salama zaidi kuongeza nusu lita, kuendesha gari, kisha kupima upya.

Kiwango kinachopanda bila mtu kuongeza chochote nacho kichunguzwe. Katika magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi, safari fupi za kila siku huweza kufanya dizeli ipenye ndani ya oili na kuifanya nyepesi, huku skrini ikionyesha kwamba imejaa.

Na sensa yenyewe ikiharibika? Katika gari lisilo na kijiti, fundi aweza kuimwaga oili yote, kubadilisha kichujio, na kujaza kiasi kilichoandikwa kwa injini hiyo. Injini ya BMW ya N52, kwa mfano, huchukua lita 6.5. Kumwaga mtungi mzima wa lita tano kwa mazoea huiacha ikiwa na upungufu wa lita moja na nusu.