Kisunzi cha mwenye sukari: pima kabla ya kula tende

Mimi ni karani mstaafu, umri wangu umeshapita sabini, na sukari ninayo tangu nilipokuwa kazini hapa Maskati. Skuli ya misheni tulifundishwa kuhakiki hesabu kabla ya kutia sahihi. Kwenye ugonjwa wangu mwenyewe nililisahau hilo.

Kila nilipopata kisunzi nilikimbilia tende, nikidhani sukari imeshuka. Alfajiri moja niligeuka kitandani, chumba kizima kikazunguka. Nilipoinuka kwenda msalani, nikaanguka. Mke wangu akaja na tende, binti yangu akasema, "Baba, tupime kwanza." Mashine ikaonyesha 14. Sukari ilikuwa juu, na mimi siku zote nikiiongezea.

Daktari wa masikio alinifahamisha. Mtu husimama imara kwa msaada wa vitu vitatu: macho, nyayo na sikio la ndani. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayoupa ubongo habari kichwa kinapogeuka. Jirani yake mna vijiwe vidogo mno vya chokaa, vinavyotambua kichwa kikiinama. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na mishipa hiyo imo kote kutatu. Macho yakififia, miguu ikifa ganzi na sikio likidhoofika, taa ikizimwa usiku mtu hana tena cha kumshika.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliopima watu zaidi ya 5,000 wa miaka 40 na kuendelea, ulikuta uwezekano wa kasoro hii kwa wenye kisukari umezidi kwa asilimia 70.

Kwangu mimi, vijiwe vilitoka mahali pake vikaingia mferejini. Dalili yake ni kisunzi kisichofika dakika moja, ukigeuka kitandani, ukitazama juu au ukiinuka kutoka sijda. Hakitibiwi kwa vidonge: daktari hukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi. Njia hiyo ni ya daktari John Epley wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1992. Mimi nilifanyiwa mara mbili, kikaondoka. Palipoharibika mishipa, dawa ni mazoezi ya kusimama na kutembea, na kuidhibiti sukari.

Basi wenzangu, mzee akishikwa na kisunzi, mkalisheni na mumpime. Ikiwa chini ya 3.9, mpeni kitu kitamu papo hapo. Kama mashine haipo, naye anatetemeka na kutoka jasho, msingoje. Mdomo ukienda upande, ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea au sikio likiziba ghafla, mkimbizeni hospitali.

Nyumbani kwetu sasa taa ya ukumbini haizimwi usiku, na busati la mlangoni tumeliondoa. Tende bado nazila, lakini baada ya kupima.