Kitanzi Kando ya Bwawa la Mtera

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Iringa huvuka tuta la Mtera, ambapo maji ya Ruaha Mkuu huzuiliwa na kufunguliwa kwa kadiri, yazungushe mitambo ya megawati 80 papo hapo kabla ya kuteremka kuizungusha ile ya Kidatu; nami nilipoteremka ukingoni mwa bwawa, penye vichanja vya samaki, nilimkuta kijana ameiegemeza simu yake kwenye ndoo ya perege, akijifunza kuandika programu za kompyuta, na mwalimu wake, aliyeko Marekani, ameganda kiooni kinywa wazi, kwa kuwa mtandao ulikuwa umekatika katikati ya neno.

Madarasa ya namna hii yalivuma mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua somo la akili unde la Chuo Kikuu cha Stanford kwa kila atakaye, pasipo ada wala mtihani wa kuingilia, wakajiandikisha watu takriban 160,000. Na mwaka uliofuata zikaanzishwa Coursera na edX. Lakini aghalabu wanaofika mwisho wa kozi hizi hawatimii kumi katika mia.

Waama, hiyo bure ina bei yake. Video ipitayo kwa kilobiti 700 kwa sekunde humeza megabaiti 315 kwa saa, nalo bando hununuliwa kwa fedha ya perege. Cheti, mara nyingi, hulipiwa. Na masomo mengi ni kwa Kiingereza, ilhali kijana huyu alifundishwa hesabu kwa Kiswahili miaka saba.

Hata hivyo, mimi naona kilichopungua zaidi ni wenzi. Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu: Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mkuu wake wa kwanza alikuwa John Malecela, aliyepata kuwa mbunge wa Mtera hii hii, na kabla ya chuo hicho, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilisomeshwa kwa redio, watu wakikusanyika kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ile haikuweza kujibu swali. Aliyejibu ni jirani aliyeketi kwenye mkeka huo huo.

Mtandao uliporudi, kijana aliniuliza maana ya neno moja la mwalimu, nikamfasiria kuwa ni kitanzi, yaani amri inayorudiwa mpaka hesabu itimie. Mzee aliyekuwa akishona wavu kando yetu akacheka, akainua sindano yake na kile kijiti apimiacho ukubwa wa jicho, akasema, “Kitanzi si hiki?” Kisha akasogeza kigoda chake karibu na ile ndoo, akauliza hicho cha simu hufungwa mara ngapi.