Trei ya Miche ya Mboga: Mkulima Achague Ukubwa Gani?

Wahenga walinena ya kuwa mchagua jembe si mkulima, na kwa habari ya jembe walisema kweli, kwa kuwa jembe lolote lenye makali litalima. Lakini trei ya kuoteshea miche ya mboga si kama jembe. Mkulima anayeinunua kwa sababu tu ni rahisi, au kwa sababu jirani yake anayo, aweza kupoteza mbegu ya bei kubwa pamoja na msimu mzima, wala asijue kosa lilikuwa wapi.

Katika wilaya za zamani za Gusii, ambazo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, jambo hili si dogo. Watu ni wengi na ardhi ni finyu, maana mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu. Baada ya chai au kahawa, ndizi, mahindi na majani ya ng'ombe kupata nafasi yao, mara nyingi mboga hubakiwa na robo ya eka au nusu ya robo hiyo. Hata hivyo nchi hii imejaliwa mvua, kwani sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kabeji, sukuma wiki, nyanya na managu hupata wanunuzi katika masoko kama Daraja Mbili na Keroka. Shamba likiwa dogo namna hiyo, kila mche una thamani yake, na pengo moja katika mstari ni fedha iliyopotea.

Watu wa Gusii si wageni wa kazi ya vitalu. Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika wa hapa katika miaka ya 1930, na waliofuata wakajifunza kuotesha vipandikizi vya chai katika vifuko vya nailoni kabla ya kuvipeleka shambani. Mboga nazo kwa muda mrefu zimeoteshwa katika tuta la kitalu, kisha miche ikang'olewa. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina hasara mbili. Kwanza, mche ung'olewapo tutani mizizi yake hukatika, nao hukaa siku kadhaa ukiwa umenyauka kabla ya kushika. Pili, magonjwa ya udongoni huingia katika mche ungali mchanga. Mbaya zaidi ni mnyauko wa bakteria, ambao hushambulia nyanya, viazi, biringanya na pilipili hoho. Trei iliyojazwa udongo safi huepusha hasara hizo kitaluni. Lakini mkulima asidanganyike: mche safi ukipandwa katika shamba lenye mnyauko, nao utakufa kama wengine.

Sasa na tutazame trei zenyewe. Zile zinazopatikana kwa wingi zina urefu wa sentimita 54 hivi na upana wa sentimita 28 hivi, na ndani yake mna vishimo 50, 72, 128 au 200. Kwa kuwa trei zote zina eneo karibu moja, vishimo vikiwa vingi kila kimoja huwa kidogo. Kishimo cha trei ya 72 huchukua karibu mililita 40 za udongo, cha trei ya 128 karibu 20 na zaidi kidogo, na cha trei ya 200 kidogo zaidi ya 10, yaani kama vijiko viwili vya chai.

Kosa la wengi ni kuitazama mbegu. Mbegu ya nyanya ni ndogo, na mbegu ya kabeji ni ndogo, basi huona kishimo kidogo chatosha. Yafaa mkulima aufikirie mche utakavyokuwa siku ile ya kuhamishwa: utakuwa na umri wa majuma mangapi, na majani yake yatakuwa na upana gani? Mizizi ikikosa nafasi kabla ya siku hiyo, huzunguka ndani ya kishimo kama kamba iliyoviringwa, na mche hudumaa. Mche wa kabeji uliodumaa hivyo waweza kushika shambani na kuonekana mzima, lakini mwishowe ukatoa kichwa kidogo kisicho na bei.

Kwa kanuni hiyo, kabeji na sukuma wiki, ambazo huhamishwa baada ya majuma manne hivi, hufaa katika trei ya 128. Na ya 200 yatosha ikiwa mkulima ana hakika ya kuhamisha mapema. Nyanya ya majuma manne yaweza kukaa katika 128, bali ikitazamiwa kungoja majuma matano au sita, heri 72. Pilipili hoho hukua polepole, huchukua majuma sita mpaka manane, kwa hiyo yataka 72 au 50. Vitunguu pia hukaa muda mrefu, lakini majani yake ni membamba, navyo huvumilia trei ya 200. Tango na boga zina majani mapana na mizizi isiyopenda kuguswa. Zipewe kishimo kikubwa, nazo zihamishwe katika majuma mawili au matatu.

Na tufanye hesabu kidogo. Mtu mwenye nusu ya robo eka, yaani mita za mraba 506 hivi, akipanda kabeji kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, atahitaji miche 1,400. Akiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ile itakayokufa, itakuwa 1,540. Atahitaji trei 8 za vishimo 200, au 13 za vishimo 128, au 22 za vishimo 72. Kila trei huchukua karibu lita 3 za udongo. Basi trei za kwanza zitakula lita 24, za pili lita 39, na za mwisho lita 66, ambazo ni zaidi ya madebe matatu. Kwa anayenunua unga wa makumbi ya nazi kutoka dukani, tofauti hiyo ni fedha. Na kwa anayechanganya mboji iliyoiva, udongo wa msituni na mchanga, ni jasho.

Pengine mtu atasema, “Basi nitatwaa trei ya 200, niokoe gharama.” Kabla ya kuamua, ajiulize mambo mawili. La kwanza ni maji. Kishimo kidogo hukauka upesi, na siku ya jua kali chataka kunyweshwa asubuhi na alasiri. Kama nyumba nzima iko sokoni au inachuma chai mpaka jioni, ni nani atakayenywesha? La pili ni kuchelewa. Mvua za masika hutazamiwa Machi, lakini hazina ahadi. Na pengine shamba halijaisha kulimwa. Mche ulio katika kishimo kikubwa waweza kungoja juma moja zaidi bila kuumia sana, bali ule wa kishimo kidogo hauwezi. Tena upande wa Keroka na Nyansiongo, ambako ni juu na baridi, miche hukawia kuliko upande wa Suneka, na siku za kukaa katika trei huongezeka.

Iko mimea isiyotaka trei kabisa. Karoti na maharagwe hupandwa pale pale zitakapokua. Chinsaga nayo, ile mboga inayopendwa sana na Abagusii, ina mzizi mkuu unaoshuka chini moja kwa moja, na ni afadhali imwagwe shambani.

Trei yo yote iwe na tundu chini ya kila kishimo, maana maji yakituama huleta kinyausi, ugonjwa unaokata miche shingoni. Iwekwe juu ya kichanja chenye paa jepesi, kwa sababu mvua ya alasiri ya nchi hii, na hasa mvua ya mawe, hurusha mbegu nje. Siku saba kabla ya kuhamisha, kivuli na maji vipunguzwe kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Siku ya kuhamisha ikikaribia, mkulima avute mche mmoja polepole. Udongo ukimomonyoka, bado. Ukitoka mzima, umeshikwa na mizizi myeupe, miche iko tayari. Mizizi ikiwa ya kahawia na imejiviringa chini, imechelewa. Basi aandike ni siku ngapi zilipita tangu kupanda, na msimu ujao anunue trei yenye vishimo vikubwa zaidi.