DEGEDEGE NA MALARIA: MAJINA MAWILI, MTOTO MMOJA

Tumfikirie mama ateremkaye kutoka Matombo au Mgeta hadi hospitali ya Morogoro, mtoto mgongoni, mwili wawaka moto. Daktari ampima damu, asema: “Ni malaria kali.” Mama anyamaza. Moyoni ajua kuwa mwanawe hana malaria. Ana degedege, kwani usiku alikakamaa na macho yakageuka. Kwake yeye malaria ni homa ya vidonge. Degedege ni jambo la pepo, na wakubwa walimfunza kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Daktari aenda kuitayarisha sindano. Arudipo, mama hayupo.

Hapo hakuna mjinga wala mkaidi. Wote wawili walisema Kiswahili, wala hawakuelewana. Jambo hili si geni: uchunguzi wa Bagamoyo uliotangazwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyoitenga degedege na malaria, wakatangulia kwa dawa za kienyeji.

Sisi twaona kosa laanzia darasani. Tangu mafunzo ya udaktari yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, hufundishwa kwa Kiingereza, na hata leo ndivyo ilivyo. Mwaka 2021 sheria iliamuru Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, ili mshitakiwa aielewe hukumu yake. Je, mgonjwa ana haki ndogo kuliko mshitakiwa?

Yafaa daktari aanze kwa kuuliza: “Mama, nyumbani ugonjwa huu mwauitaje?” Akijibiwa degedege, asicheke. Aeleze kuwa malaria ikifika ubongoni huweza kuleta degedege, na kwamba sindano ile yapigana na vijidudu, si na mtoto. Tena Waluguru hufuata ukoo wa mama. Basi mjomba na bibi wasiachwe nje ya mlango, maana mara nyingi shauri ni lao. Na bibi ajuaye Kiluguru tu atafutiwe wa kumfasiria.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Mtoto akishikwa na degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali upesi. Tukifika huko tusinyamaze kwa heshima. Tusipoelewa, tuseme hatukuelewa. Tukiogopa sindano, tuseme twaogopa, na kwa nini. Kuuliza si ujinga, na daktari hawezi kulijibu neno ambalo mama ameondoka nalo moyoni.