Mlima Unapomshinda Mtoto Aliyetibiwa Saratani

Mtoto wa Kisondela aliyetibiwa saratani Dar es Salaam, iwe Ocean Road au Muhimbili, hurudi nyumbani kwenye vilima vya Rungwe. Huko ndiko hudhihirika udhaifu ambao sakafu tambarare ya wodi iliuficha: anatweta mlimani, na akitaka kuinuka kutoka chini anajisukuma kwa mikono mapajani. Watu husema amedekezwa. Hajadekezwa, dawa zilizomwokoa zimegusa misuli yake.

Predinisoloni, inayotumika sana kutibu saratani ya damu na ya matezi, hubomoa protini ya misuli, hasa ya nyonga na mapaja. Ndiyo maana uso huweza kuvimba huku miguu imesinyaa. Nguvu hurejea polepole dozi ikipungua, lakini mzazi asiikatishe mwenyewe: mwili uliozoea dawa hii huweza kuanguka ghafla ikiondolewa kwa mkupuo.

Vinkristini ni kisa kingine. Asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, ambao wengi wameupanda uani kama pambo. Dawa hii hudhuru mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli. Mtoto hujikwaa, kandambili humvuka bila yeye kujua, taya humuuma, choo huwa kigumu. Mwambie atembee kwa visigino. Akishindwa kuinua vidole, mjulishe daktari kabla ya sindano inayofuata, kwa kuwa dozi inaweza kupunguzwa. Mtajie pia dawa yoyote ya fangasi anayomeza, maana itrakonazo huzidisha madhara hayo.

Asilazwe kitandani kwa huruma. Atembee kila siku kadiri daktari anavyoruhusu, apate maharage, mayai na maziwa, ambayo Rungwe inayo.

Linaloniumiza zaidi ni la moyo, kwa sababu halina kelele. Moyo nao ni msuli, na doksorubisini, ile dripu nyekundu, huua chembe zake zisizoota tena kwa urahisi. Hatari huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyokua, na kuanzia miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya mwili huhesabiwa kubwa. Moyo unaweza kuchoka miaka mingi baadaye, pengine binti aliyepona akiwa mjamzito. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali, omba karatasi yenye majina ya dawa na jumla ya dozi, na uliza lini arudi kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti. Akishakuwa mtu mzima, mkunga na daktari wa Tukuyu, huko Rungwe, watahitaji kuiona karatasi hiyo.