Uliza Kadi Jina Lake Kwanza

Kijana aliyepanda ngazi zangu hapa Gakere Road, Nyeri, alikuwa amekumbatia kompyuta kifuani na kuning'iniza kadi ya grafiki kwenye mfuko wa mkate. Alikuwa ametoka Karatina na matatu ya asubuhi. Kazi yake ni kupiga na kuhariri video za ruracio na harusi, na familia mbili zilikuwa zinamdai kazi yao kabla ya Jumamosi.

"Fundi, draiva imekataa," akasema hata kabla ya kukaa. "Nimeshusha mara tatu. Bando imeisha, na bado inakataa."

Kilio hicho nakisikia kutoka Othaya hadi Nanyuki, na mara nyingi draiva yenyewe haina kosa lolote. Waliowahi kukaa mahakamani hapa mjini watanielewa upesi. Mzee wa Tetu anatoa ushahidi kwa Kikuyu, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na karani amesimama katikati akitafsiri. Windows ndiyo hakimu, kadi ndiyo mzee, draiva ni yule karani. Sasa mletee mzee huyo karani anayejua Kimeru tu. Lugha hizo ni ndugu, kwa hiyo maneno mengi atayadaka, lakini wakifika kwenye mpaka wa shamba kesi itapinda. Draiva ya kadi jirani ndivyo inavyofanya: skrini inawaka vizuri, halafu katikati ya kazi picha inaganda. Siku hizi mambo hayafiki hata hapo. Kisakinishi kinaisoma namba ya chipu, kisipoikuta kwenye orodha yake kinakwambia hakijaona kifaa kinacholingana, na kinafunga mlango.

Kwa hiyo kabla ya kushusha faili ambayo kwa kadi za NVIDIA huzidi nusu gigabaiti, iulize kadi jina lake. Usiulize boksi, wala kibandiko kilicho juu ya feni.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, kisha fungua mstari wa Display adapters. Kompyuta isiyo na draiva ya kadi itakuonyesha Microsoft Basic Display Adapter, yaani Windows inakisia tu ili usikae gizani. Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Details, na kwenye orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari wenye VEN na DEV. Herufi na tarakimu nne zinazofuata VEN ni za mtengenezaji: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. (Intel walijichagulia namba ya chipu yao ya mwaka 1978 iliyowapa umaarufu. Wahandisi nao wana mizaha yao.) Nne zinazofuata DEV ni za chipu yenyewe. Ziandike kwenye karatasi, uzitafute mtandaoni kwa simu, na utajua uliyenaye mezani ni nani hasa.

Nitatoa mfano wa kadi ambayo pengine ndiyo imenipotezea saa nyingi kuliko zote, GT 730. Hii ni kadi halali kabisa, ya bei nafuu, na inaingia vizuri kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya ambazo tunauziana huku mlimani. Lakini NVIDIA walizipa chipu za vizazi viwili jina hilo moja. Ukisoma DEV_1287, hiyo ni ya kizazi cha Kepler, na draiva yake iko kwenye familia ya 470. Ukisoma DEV_0F02, hiyo ni Fermi, kizazi cha nyuma zaidi, na draiva yake ya mwisho ni 391.35 ya Machi 2018. Boksi mbili zenye jina lilelile, kwenye rafu moja, na kila moja inataka karani wake. Mteja anafungua ukurasa, anaandika GT 730, anashusha faili ya kwanza anayoiona, inakataa, kisha anarudi kumlaumu aliyemuuzia. Mara hii muuzaji hana hatia.

Wenye GTX 750 Ti, GT 1030 na GTX 1050 Ti nao wajihadhari kuanzia sasa. NVIDIA walitangaza mwaka 2025 kwamba vizazi vya Maxwell na Pascal vinapata draiva zao za kawaida za mwisho Oktoba mwaka huo, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Familia ya kutafuta ni 580. Ile mpya kabisa inayokaa juu ya ukurasa si yako, hata ikikukonyeza.

Turudi kwa kijana wa Karatina. Boksi lake lilisema GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Kompyuta ilikuwa Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara mdogo, ambayo pawa saplai yake ni ya wati 290.

Nilimwomba afunge kadi na nyaya zake kama zilivyokuwa kwake, kisha awashe. Jambo la kwanza nililoangalia ni waya wa skrini. Usicheke, maana wengi wanaokuja hapa shida yao huishia hapo: kadi imefungwa, lakini waya bado umechomekwa kwenye tundu la zamani la ubao mama, na kompyuta nyingi za ofisi huzima tundu hilo zikishaona kadi. Skrini inakuwa nyeusi na mtu anaapa kwamba draiva imeua mashine. Wake ulikuwa mahali pake, kwenye kadi. Ila ulikuwa waya wa VGA, na hapo nikaanza kuona shaka. Kizazi cha Pascal, ambamo 1050 Ti imo, kiliacha kutoa ishara ya VGA. Kadi yake ilikuwa na tundu hilo la buluu, na nadhani ndilo lililomvutia, kwa kuwa skrini yake ni ya zamani.

Jambo la pili ni umeme. Tundu la ubao mama linaipa kadi wati 75, basi. 1050 Ti imepangiwa kiwango hichohicho, ndiyo maana nyingi hazina plagi ya ziada. Hii yake ilikuwa na plagi ya pini sita, na kwa vile pawa saplai ya Dell ile haina waya wa pini sita, mtu alikuwa amemuuzia kipande cha waya cha kuchukua umeme kwenye plagi ya diski. Niliugusa. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika. Waya wa namna hiyo siurudishi ndani ya mashine ya mteja hata akinibembeleza. Kadi inayokosa umeme wa kutosha huonyesha dalili zilezile za draiva mbovu, pamoja na ile alama ya njano na maneno Code 43, ambayo maana yake ni kwamba kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Hayasemi draiva ni mbaya.

Nikafungua Device Manager. DEV_0DC4.

Hiyo ni namba ya GTS 450, kadi ya Septemba 2010, Fermi, inayokula wati 106, na iliyotoka kiwandani na gigabaiti 1. Kuna watu wanaozichukua kadi kama hizo, wakaandika upya programu iliyo ndani ya kadi ili ijitangaze kwa jina jipya na kumbukumbu kubwa, kisha wakaziwekea kibandiko na boksi. Ni ulaghai unaojulikana duniani kote, kiasi kwamba programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ikiutambua. Yule kijana angeweza kushusha draiva ya 1050 Ti mara mia. Kisakinishi kilikuwa kinamwambia ukweli kila mara.

Hakuniamini, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa amelipa pesa za kadi nzuri. Nikatoa skrubu nne za nyuma, nikainua feni na chuma chake, nikafuta ile dawa ya kijivu iliyokauka kwa pamba yenye spiriti. Chini yake, kwenye kioo cha chipu, herufi ndogo zikajitokeza polepole: GF106. 1050 Ti ya kweli imeandikwa GP107. Aliinama na tochi ya simu akazisoma mara mbili, kisha akakaa chini.

Ingekuwa kadi ya kweli, kazi iliyobaki ingekuwa fupi. Angalia kwanza kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu NVIDIA waliacha kutengeneza draiva za biti 32 baada ya familia ya 390, na kompyuta kadhaa za saiba bado zinakimbia kwa biti 32 bila mwenyewe kujua. Shusha faili kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile flashi za "draiva zote" ambazo mafundi wenzangu wanapeana, mimi sizipendi: unaleta draiva moja na wageni kumi. Kisha ng'oa intaneti, zima na hotspoti ya simu, kwa sababu Windows ina tabia ya kuleta draiva yake kimyakimya wakati wewe unasakinisha yako, na mbili zikigongana zinaachana nusu njia. Kama draiva ya zamani imeshaharibika, washa mashine katika Safe Mode na uifute kwa programu ya bure iitwayo DDU, halafu uanze upya. Na usianze kazi hiyo mawingu yakiwa yameshuka mlimani. Stima ikipotea katikati ya usakinishaji, utakuwa na skrini nyeusi na kazi ya jioni nzima.

Yeye tulimsaidia kwa njia nyingine. Nilitoa kadi, nikarudisha waya kwenye ubao mama, nikamwekea draiva ya Intel HD 4600 iliyokuwa ndani ya kompyuta yake tangu siku ya kwanza. Inakwenda taratibu, lakini video za familia zile mbili zingetoka, kama angekubali kuiacha ikichakata usiku. Kumwekea 391.35 ili GTS 450 ifanye kazi kwa jina lake halisi kuliwezekana pia, ila si kwa waya ule, na kumbukumbu ya kubuni ingeangusha programu yake kila picha zinapozidi gigabaiti moja.

Nilipotaka kuifunga kadi aichukue, akaniwekea mkono.

"Iache hivyo, fundi. Usipake dawa."

Alikuwa anashuka Nairobi kesho yake, na alitaka aliyemuuzia azisome herufi zile mwenyewe.